Hospitali Inaishia Wapi?

Hii ni hotuba kuhusu hospitali isiyochafua mazingira, niliyoitoa Jumamosi asubuhi, hapa Dar es Salaam, mbele ya waganga wafawidhi, wauguzi, mafundi, maafisa ugavi na wahudumu wa usafi wa hospitali na vituo vya afya. Wenzetu wengi walikuwa zamu, wakaomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Mwenyekiti, waganga wafawidhi, mamatroni na mapatroni, mafundi, maafisa ugavi, wanafunzi wetu wa uuguzi, na nyinyi wahudumu wa usafi niliowaomba mkae viti vya mbele: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi. Wazee wangu mlionitangulia kazini, shikamooni.

Mimi ni bwana afya. Ndivyo mitaa inavyotuita, na jina hilo nalipenda. Sijawahi kumpasua mtu wala kumwandikia mtu dawa. Kwa miaka zaidi ya 20 kazi yangu imekuwa nyuma ya hospitali, ule upande ambao wageni rasmi hawapelekwi: kwenye shimo la kondo, kwenye tanuri la kuchomea taka, kwenye jenereta, kwenye chemba za maji machafu. Leo naomba niwapeleke huko. Na nianze na kanga.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye hospitali niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo, alikuja ofisini kwangu mama mmoja jirani. Nyumba yake inapakana na ukuta wa hospitali upande wa nyuma, na kila alfajiri anapika vitumbua vya kuuza. Hakuja kutibiwa. Alikunjua kanga juu ya meza yangu, kanga nyeupe yenye pindo jekundu, akasema, "Bwana afya, hebu pitisha kidole hapo." Nikapitisha. Kikatoka cheusi. Masizi ya kuni ukiyapuliza yanaruka. Haya yalikuwa yananata, kama plastiki iliyoyeyuka ikapoa.

Akaniambia, "Kila mkiwasha lile tanuri lenu nguo zangu zinakuwa hivi. Mchele wangu nauloweka uani humo humo. Mjukuu wangu anakohoa, namleta hapa, mnampa dawa, anarudi kulala kwenye moshi wenu. Sasa niambie mwanangu, hospitali yenu inaishia wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Ramani ya kiwanja ninayo kabatini, inaonyesha kwamba hospitali inaishia ukutani. Lakini kile kilichobaki kwenye kidole changu kilikuwa cha kwetu, na kilikuwa kimetoka nje ya ukuta.

Nalirudia swali lake, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Hospitali inaishia wapi?

Siku ile ile nilikwenda kwenye tanuri. Nikamkuta kijana wa kuchoma taka amejifunga fulana usoni, maana barakoa zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na mfuko wa njano unasubiri zamu yake motoni. Nikamwambia tuumwage kwanza juu ya turubai. Mfuko wa njano, nyote mnajua, ni wa taka zenye maambukizi. Mnajua tulikuta nini humo? Chupa za maji ya kunywa. Maboksi ya dawa. Maganda ya ndizi. Wali uliobaki, na kijiko chake cha plastiki. Gazeti. Na chini kabisa, bandeji na pamba zenye damu, kiasi cha konzi mbili.

Konzi mbili! Ule mfuko mzima ulikuwa unakwenda kuchomwa kwa sababu ya konzi mbili.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban asilimia 85 ya taka zinazotoka kwenye huduma za afya ni taka za kawaida tu, kama zile za nyumbani kwako. Zilizo hatari ni asilimia 15. Waswahili wanasema samaki mmoja akioza huoza wote, na mfuko wa taka ndivyo ulivyo hasa. Bandeji moja yenye usaha ikitupwa kwenye ndoo ya makaratasi, ndoo nzima inakuwa ya kuambukiza, na sisi ndio tulioiambukiza. Kwa mikono yetu wenyewe tunaigeuza 15 kuwa 100, halafu tunalalamika kwamba tanuri ni dogo.

Na hilo tanuri linafanya nini? Naomba mnisikilize hapa, maana wengi tunaamini moto unasafisha kila kitu. Mipira mingi ya dripu na mifuko ya damu imetengenezwa kwa plastiki yenye klorini ndani yake. Ukiichoma kwa moto hafifu, ile klorini inaungana na mabaki ya plastiki na kuzaa sumu zinazoitwa dioksini na furani. Sumu hizi hazionekani wala hazinuki. Zinatua kwenye majani, kwenye udongo, kwenye maji. Kuku anadonoa, ng'ombe anakula, zinakaa kwenye mafuta ya mayai na maziwa, na mwishowe kwenye mwili wa binadamu, ambako zinadumu miaka. Zinasababisha saratani. Zinavuruga homoni na ukuaji wa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba matanuri yanayoweza kufikia viwango vya kimataifa ni yale ya kisasa, yanayochoma kwa nyuzi joto 850 hadi 1,100 na yenye mitambo ya kusafisha moshi. Lile letu lilikuwa la matofali, bomba lake fupi, kuni mbichi, na mlango uliopinda usiofunga. Nani kati yenu aliwahi kuona kipimajoto kwenye tanuri la namna hiyo? Nyoosheni mkono.

Naona hakuna.

Basi mjue kwamba moto hauna ulazima. Ipo otoklevu, ambayo mafundi na watu wa thieta mnaifahamu vizuri: sufuria kubwa ya mvuke wa mgandamizo, ile ile mnayotakasia mikasi na koleo za upasuaji. Ikifika nyuzi joto 121 na mvuke ukapenya kila mahali kwa muda unaotakiwa, vijidudu vinakufa. Taka zinatoka zimelowa, hazina moshi, hazina dioksini, unaweza kuzisaga na kuzipeleka dampo kama taka nyingine. Na msiseme haya ni mambo ya Ulaya. Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa namna hii katika nchi nne za Afrika, Ghana, Madagascar, Tanzania na Zambia, wa kuacha kuchoma taka na kuondoa vifaa vya zebaki. Kabla ya hapo wahandisi wa Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, walikwisha kuunda otoklevu ya taka ya bei nafuu kwa mikono yao.

Sisi tulianza na ndoo tu. Tulinunua ndoo zenye vifuniko, tukaziweka mahali ambapo mkono wa muuguzi unafika bila kupiga hatua. Hilo la hatua ni kubwa kuliko mabango yote niliyowahi kubandika ukutani. Muuguzi mmoja ana wagonjwa 40, anatoa sindano, ndoo sahihi iko mlangoni na ndoo mbaya iko mguuni pake. Unadhani atatupa wapi? Tukahamisha ndoo. Kisha tukaanza kupima uzito, kila wodi, kila asubuhi, kwa mizani tuliyoipata gengeni, na kuandika kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na taka nazo ni hivyo hivyo: bila daftari hujui wodi gani inakuzidishia mzigo. Baada ya mwezi wauguzi wakawa wanakuja wenyewe kuuliza, "Bwana afya, leo sisi tuna kilo ngapi?"

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua baadhi yenu mnalo moyoni. Daktari mmoja kijana, mahiri sana, alinisimamisha kwenye korido akaniambia, "Mzee wangu, hewa chafu hii ameichafua nani? Matajiri. Sisi hata glovu hazitoshi, leo tunaambiwa tufikirie tabianchi?"

Nilimwambia, kijana wangu, hesabu yako ni sahihi. Mwaka 2019 ulifanyika uchambuzi wa dunia nzima uliokuta kwamba huduma za afya zinatoa asilimia 4.4 ya gesijoto zote, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Ingekuwa nchi, ingekuwa ya tano kwa uchafuzi duniani. Na zaidi ya nusu ya mzigo huo, asilimia 56, ni wa Marekani, China na nchi za Umoja wa Ulaya. Sehemu ya Tanzania humo ni chembe. Sidaiwi, na wewe hudaiwi. Mtu akija hapa kuniambia nizime taa ya wodi ya wazazi ili kuokoa dunia, nitamtoa mlangoni mimi mwenyewe. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote.

Lakini tabianchi imeshaingia wodini bila kubisha hodi. Nani hapa alikuwa kazini Desemba 2011? Bonde la Msimbazi lilipofurika, Jangwani ikawa ziwa, watu wakakaa juu ya mapaa, wengine wakafa, waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Nani alikuwa kazini Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia humu mjini kikasambaa mikoani? Nani alikuwa kazini mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipokauka na tukawa tunagawiana maji kwa ratiba? Mwaka ule nilimwona mkunga ananawa mikono kwa kikombe, huku msichana wa mafunzo anammiminia kidogo kidogo, kama tunavyonawishwa kwenye shughuli kabla ya pilau. Kati ya mzazi mmoja na mwingine. Kikombe kimoja.

Kwa hiyo ninapozungumzia hospitali isiyochafua, silipi deni la mtu. Nazungumzia hospitali ambayo maji yakikatika inaendelea kuzalisha salama, umeme ukikatika inaendelea kupumua, na mvua ikizidi haimwagi choo chake Msimbazi. Maana watoto wa bondeni wanaooga kwenye yale maji ndio watakaoletwa kwetu Jumatatu wanaharisha. Tunawatengeneza wagonjwa wetu wenyewe! Hospitali inaishia wapi, basi? Inaishia pale maji yake yanapoishia. Afisa afya mwenzangu uliyeko hapa, lini mara ya mwisho ulifunua chemba ya mwisho ya hospitali yako ukaangalia inamwaga wapi? Usinijibu mimi. Nenda Jumatatu ukafunue.

Tuje kwenye joto, na upepo.

Kuna jengo hapa Dar ninalolipenda kuliko yote. Hospitali ya Ocean Road, pale ufukweni. Wajerumani waliijenga mwaka 1897, na waliijenga kwa ajili ya Wazungu, hilo tusilisahau. Lakini simameni kwenye veranda yake saa nane mchana. Dari ziko juu. Madirisha ni marefu, yanatazamana, upepo wa bahari unaingia huku na kutokea kule. Waliojenga hawakuwa na feni wala kiyoyozi, ikabidi wamfikirie mgonjwa na upepo kwa pamoja. Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika mjini hapa miaka hiyo hiyo ya 1890 kuchunguza malaria. Leo upepo ule uliokusudiwa watu wachache unawapepea wagonjwa wa saratani kutoka kila kona ya nchi.

Sasa angalieni tunavyojenga sisi. Vioo vya kuteleza ambavyo nusu yake tu ndiyo inafunguka. Dari ya kugusa kwa mkono. Ukuta unaotazama jua la magharibi bila hata kibaraza. Halafu tunabandika viyoyozi, kimoja kila chumba, tunafunga madirisha, tunalipa bili. Umeme ukikatika, wodi inageuka tanuri jingine. Na kuna jambo baya zaidi ya joto. Watafiti waliokwenda hospitali za Lima, nchini Peru, walichapisha mwaka 2007 matokeo ambayo kila mchoraji wa majengo ya hospitali angepaswa kuyajua. Waligundua kwamba wodi za kizamani, zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari za juu na madirisha makubwa, zikifunguliwa zinabadilisha hewa haraka kuliko majengo mapya, na zinawakinga watu na kifua kikuu vizuri kuliko hata vyumba vyenye mitambo ya kupitisha hewa. Dirisha wazi lilishinda mtambo.

Thieta iwe na kiyoyozi. Maabara iwe na kiyoyozi. Stoo ya dawa, ndiyo, tena msikizime. Lakini korido ya kusubiria? Ofisi ya bwana afya? Chumba cha wagonjwa wanaokohoa? Mimi ofisini kwangu nilikiondoa, nikapanda mwarobaini nje ya dirisha. Ulichukua miaka minne kufika dirishani. Ningependa ungekua haraka zaidi, lakini sasa upo.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi, kwa sababu mafundi mtaulizana mchana. Shirika la Afya Duniani na wenzake walisema mwaka 2023 kwamba watu wapatao bilioni moja duniani wanahudumiwa na vituo vya afya ambavyo havina umeme wa uhakika au havina kabisa. Hapa mjini tunalo gridi, na tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 umeme mwingi zaidi unatokana na maji. Hilo ni jema. Lakini kila hospitali bado ina jenereta, na naomba mkajionee jenereta lenu limekaa wapi. Nimeona moja bomba lake la moshi linaelekea dirisha la wodi ya watoto njiti. Watoto wa kilo moja na nusu! Nilipouliza, nikaambiwa ndipo waya ulipofika. Paneli za sola juu ya paa na betri za kutosha taa za chumba cha kujifungulia, mashine ya oksijeni na friji ya chanjo zinawezekana leo, zinafungwa na mafundi wa hapa hapa. Anzeni na hivyo vitatu. Msianze na geti wala taa za bustani, kama nilivyoona mahali fulani, ili wageni wapite waone.

Sasa thieta. Hapa nimewaogopa kidogo madaktari wa upasuaji, lakini nitasema.

Ule uchambuzi wa 2019 ulikuta kwamba asilimia 71 ya uchafuzi wa huduma za afya unatoka kwenye manunuzi: dawa, vifaa, vyakula, usafirishaji wake. Kumbe sehemu kubwa ya moshi wa hospitali unatokea kiwandani, kabla boksi halijafunguliwa. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu kuliko sisi sote humu ndani ni afisa ugavi. Bwana ugavi, nitarudi kwako.

Kule kusini mwa India, katika mji wa Madurai, daktari mmoja aitwaye Govindappa Venkataswamy alifungua mwaka 1976 hospitali ndogo ya macho, Aravind. Leo ni miongoni mwa hospitali za macho kubwa kabisa duniani, na wengi wa wagonjwa wake ni maskini. Watafiti walipopima operesheni yao moja ya mtoto wa jicho, wakakuta inatoa gesijoto takriban sehemu moja kati ya 20 ya operesheni hiyo hiyo ikifanywa Uingereza. Moja kati ya 20! Na maambukizi ya jicho baada ya operesheni kwao ni machache sana. Wanafanyaje? Vifaa vinatakaswa na kurudishwa kazini haraka. Nguo za upasuaji zinafuliwa. Dawa ya matone ya chupa moja inatumika kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, kwa utaratibu makini. Hawatupi kitu kwa sababu tu kiwanda kimeandika "tumia mara moja".

Nilipoyasoma haya niliwakumbuka mamatroni wetu wa zamani. Wazee mlioko hapa mnakumbuka. Shuka za kijani za thieta, zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinakunjwa kwa mtindo mmoja usiobadilika, zinaingia otoklevu zimefungwa kwa utepe. Kulikuwa na chumba cha kushonea, na fundi cherehani wa hospitali! Shuka ikichanika inatiwa kiraka, kiraka kikichoka inakuwa nepi ya wodi ya wazazi. Mtu alituambia huo ni umaskini, tukamwamini, tukauza cherehani, na sasa tunaagiza shuka za karatasi kutoka ng'ambo, zinatumika dakika 40 na kuingia motoni. Zikichelewa bandarini, operesheni zinaahirishwa. Mimi huo ndio ninaouita umaskini.

Hata glovu. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, jijini London, ilianza mwaka 2018 kuwafundisha wauguzi wake wakati gani glovu hazihitajiki: kusukuma kitanda, kumlisha mgonjwa, kumpa kidonge. Ndani ya mwaka mmoja wakawa wamepunguza tani 21 za plastiki. Na mikono ilinawiwa zaidi, maana mtu akivaa glovu huwa anadhani ameshakuwa safi. Narudia kwa wanafunzi ili msiniambie nimesema vingine: penye damu, penye majimaji ya mwili, penye kidonda, vaa glovu, usijadiliane na mtu. Lakini anayevaa glovu kujaza faili la mgonjwa, naye ni mkurugenzi mzima, anamnyima mkunga wa usiku.

Dawa za usingizi nazipita haraka. Wenzetu Uingereza wameiondoa disflureni, gesi ya kumlaza mgonjwa, kwenye matumizi ya kawaida, kwa sababu ikitoka hewani inatega joto mara zaidi ya 2,500 kuliko hewa ukaa. Hapa wengi wetu tumezoea halotheni na aisoflureni. Ombi langu ni moja: mashine za disflureni zikianza kutolewa huko kwao, zisije zikafika hapa kama msaada na sisi tukazipigia makofi. Na kwa upasuaji wa uzazi, ganzi ya mgongo mnayoitumia kila siku haitoi gesi yoyote. Mko mbele na pengine hamjui.

Sasa niwageukie nyinyi wa viti vya mbele.

Nilikuwa na mwenzangu wa usafi, mwanamke wa makamo, mchapakazi asiye na maneno mengi. Asubuhi moja alikuwa anakaza fundo la mfuko mweusi. Mfuko mweusi ni wa makaratasi na mabaki ya chakula. Akaushika chini kuubeba, akasema "ah", akauweka. Nikaona tone la damu kwenye kidole gumba. Mtu aliyesoma, mwenye cheti, alikuwa ametupa sindano kwenye mfuko wa makaratasi, na boksi la sindano lilikuwa umbali wa hatua tatu.

Mnaijua hesabu ya tone lile? Sindano ikiwa imetoka kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 30. Aina ya C, asilimia 1.8. Virusi vya UKIMWI, asilimia 0.3. Tulimpeleka kupata dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Siku 28 alizimeza huku anatapika, na bado alikuja kazini, kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa kampuni na siku usiyokuja haulipwi. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini hakuwa amechanjwa homa ya ini. Miaka tisa anashika taka za hospitali, hakuna aliyemchanja. Na mimi, bwana afya, nilikuwa nimesaini ripoti za robo mwaka zinazosema hali ni nzuri.

Na ule mfuko mweusi usingemchoma yeye, ungekwenda wapi? Pugu Kinyamwezi, dampo. Kule wapo vijana na kina mama wanaookota makopo ili wale. Mikono mitupu. Hakuna wa kuwapeleka kupata dawa za kinga ndani ya saa 72, na hawatajua hata ni sindano ya nani. Hospitali inaishia wapi? Ile sindano ingekuwa bado ni ya kwetu, hata kilomita zote zile kutoka getini.

Kwa hiyo waganga wafawidhi, ninaomba leo, mbele yao: kila mhudumu wa usafi, awe wa serikali au wa kampuni, apewe dozi zote tatu za chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kukabidhiwa ndoo. Aitwe kwenye kikao cha asubuhi. Yeye ndiye anayejua wodi gani haitenganishi, na tangu lini, na ni zamu ya nani.

Bwana ugavi, nimerudi. Nilisema tulianza na ndoo. Baadaye tulipata otoklevu ya taka. Siku ilipowashwa tulipiga picha, viongozi wakaja, tanuri likafungwa kwa kufuli. Mama yule wa vitumbua akaanika nguo zake. Miezi ikapita vizuri. Kisha mpira wa mlango wa otoklevu ukachakaa. Mpira tu, mviringo, mnene kama kidole. Mvuke ukawa unavuja, joto halifiki. Fundi akaandika barua. Barua ikaenda, ikarudi, ikataka saini, ikasubiri bajeti. Taka zikajaa. Tukafungua kufuli la tanuri. Kanga ikawa nyeusi tena, kwa sababu ya mpira.

Ninawasihi, mnaponunua mashine nunueni na mipira yake, na vichujio vyake, na mafunzo ya fundi wake, vyote kwenye oda moja. Mkipewa msaada, ulizeni mpira wake unauzwa wapi kabla ya kusema asante. Mimi sasa naweka mipira miwili kabatini kwangu, pamoja na ile ramani ya kiwanja, na funguo ninayo.

Nimemaliza niliyokuja kuyasema. Chai iko tayari nje. Vitumbua mtakavyokula vimepikwa na yule mama; yuko pale chini ya mwembe, na amekubali nimtaje. Kabla hamjanisifu mimi, nendeni mkamuulize yeye kama moshi umerudi wiki hii.